Ndizi Waliyoonja Wageni

Kisugu, Kampala

Mama yangu mzazi,

Kabla sijasema langu, niambie la kwako. Goti limepoa, au bado baridi ya asubuhi inalikumbusha? Na yule ng'ombe mweusi ameshazaa, au anaendelea kutuzungusha tu? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, Sabato naenda kanisani na kuimba na Wakenya wenzangu. Roho ndiyo haina raha, na ndiyo sababu umeona karatasi badala ya simu. Wewe simu yangu ukiipokea unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inakuja kusikiliza, na jirani naye anaacha kufua. Haya ya leo nataka uyasome peke yako kwanza, umevaa miwani, umeketi.

Najua unachotafuta humu. Unatafuta ndizi. Umewaambia akina mama wote wa kanisa kwamba chuo anakofanya kazi Kemunto kimetengeneza mgomba usiokufa, na kwamba vibali vikipatikana nitakuja na miche Desemba. Onchiri aliniambia umeshasafisha mahali nyuma ya zizi. Mama, ndizi haiji. Nimelisema hapa juu ili usipekue barua yote ukiitafuta. Sasa vuta pumzi nikueleze ilikuwaje, maana aliyeizuia ni mimi.

Kwanza tuelewane. Wewe huwaambia watu nafundisha chuo kikuu. Sifundishi, Mama, nimeshakuambia hata nimechoka. Mimi ni msaidizi wa utafiti katika kitivo cha kilimo. Lakini kitivo chenyewe, usione nalalamika, ni kitivo cha kujivunia. Wametoa maharagwe yanayoiva upesi, kuni kidogo tu. Wametoa soya inayostahimili kutu ya majani. Mkulima akileta udongo wake kwenye mfuko wa sukari wanampimia na kumwambia unakosa nini. Wanafunzi wanapelekwa kuishi kwa wakulima, wanalima, wanakamua, wanaumwa na siafu, wanarudi na adabu. Wako Waganda, Wakenya, Wakongo, watu wa Sudan Kusini, na wakikutana kwenye banda la nguruwe wote wanaongea Kiswahili, kila mtu na chake.

Na ndizi ndiyo roho ya kitivo, kwa sababu hapa mtu aliyekula wali na nyama bila matoke, ndizi zao za kuponda, atakuambia hajala. Profesa wetu, bosi wangu, ndiye baba wa ndizi. Watu humwita Ssalongo, ndiyo heshima yao kwa baba wa mapacha, na mkewe, mama wa mapacha, humwita Nnaalongo. Ni mtu mpole, anavaa kofia ya majani hata akiwa ofisini. Kuzalisha mgomba mpya si kama kuchagua mahindi, Mama. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Kwa hiyo asubuhi mapema mtu anapanda ngazi na chavua ya ndizi pori, anaipaka kwenye maua, anafunika na mfuko. Mkungu ukikomaa unapondwa na kupekuliwa kwa vidole, na mara nyingi hupati mbegu hata moja. Ukiipata, inalelewa maabara kama mtoto njiti. Kazi hii Profesa ameifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na mwaka huu anastaafu. Hatimaye alikuwa amepata mgomba mmoja wa kumfurahisha: majani ya kijani mpaka chini, fukusi hawauwezi, mkungu wa kuinuliwa na watu wawili. Nilipouona mara ya kwanza nilikuwaza wewe, nikatoa machozi pale pale shambani, mjinga mimi.

Ilibaki kuonja. Hapa huwezi kuwapa watu ndizi mpya kabla wenyewe hawajaila na kuikubali. Maabara yetu ilipima ulaini kwa mashine, ikasema ndizi hii ni ngumu kidogo. Profesa akacheka, akasema mashine haina ulimi. Basi tukaandaa siku ya kuonja kijijini, nje ya mji, kwa mama mmoja mwenye shamba ambalo tulipanda migomba yetu ya majaribio. Anaitwa Maama Kizza. Marehemu mumewe alikuwa askari, waliishi kambini Mbuya, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambi, na anakipenda. Akiniona tu ananipigia saluti.

Utaratibu ni huu. Kila aina ya ndizi inamenywa, inafungwa kwenye majani ya mgomba, inachemshwa kwa mvuke mpaka iwe laini, kisha inapondwa humo humo ndani ya majani kwa mikono. Tulitofautisha kwa kamba: furushi la ndizi ya Profesa lilifungwa kamba nyekundu, la ndizi yao ya zamani kamba nyeupe. Wageni wanaonja bila kujua ipi ni ipi, na kila mmoja anadondosha harage kwenye kopo la chakula alichokipenda. Kazi yangu ilikuwa kukaa jikoni nisiondoke, nihakikishe kila furushi linabaki na kamba yake.

Nilikaa, Mama. Nilikaa kwenye kigoda, macho kwenye sufuria, mpaka Maama Kizza akaona aibu kwa niaba yangu. Kwao mgeni hakai jikoni akikodolea macho chungu cha mwenye nyumba. Ni kama kumwambia wewe mwizi, au hujui kupika. Akanishika mkono akanitoa: "Nnyabo, bibi yangu, wewe ni mugeni wangu. Enda kaa na wageni wengine. Chakura tutaleta." Wapishi wenzake wakaguna kukubali. Ningefanya nini? Umenilea vibaya, siwezi kubishana na mama mwenye moto mbele yake. Nikatoka.

Wageni walikuwa wengi: wakulima, mwenyekiti wa kijiji, walimu, na wakubwa wa kitivo wamevaa viatu vya ngozi kwenye matope. Chakula kikaja. Mama, ile ya kamba nyekundu ilikuwa ya manjano, laini, inanukia majani. Watu walikula, wakarudia. Wazee walifumba macho. Kopo la nyekundu likajaa maharagwe mpaka mengine yakamwagika. Profesa alikula naye, akanitazama kwa macho yaliyolowa. Mkuu wa kitivo alisimama akasema hii ndiyo itakuwa zawadi ya kitivo kwa nchi. Taarifa ikapelekwa kwenye kamati inayoidhinisha mbegu, na sherehe ikaanza kupangwa, mahema, wageni rasmi, mambo mengi. Ndipo nami nikakupigia simu nikipiga kelele, ukaenda kanisani na habari.

Sasa, Waganda wana desturi moja nzuri sana. Mtu akifanya kazi lazima ashukuriwe kwa kazi ile ile. Amepika, unamwambia "webale kufumba," ahsante kwa kupika. Amelima, unamshukuru kwa kulima. Hata anayefagia njia, mpita njia anamshukuru. Nami nikaona si vizuri kunyamaza, nikanunua sukari na sabuni sokoni Nakivubo, nikaenda kwa Maama Kizza. Nikapiga magoti kama wao, nikasema: "Maama, webale kufumba. Chakula cha siku ile kilitupendeza sana. Bila wewe tungeaibika."

Akapokea sukari kwa mikono miwili, uso unang'aa. "Kumbe umejua!" akasema. "Mimi nafikiri hujui."

Nikamuuliza najua nini.

"Ile ya kamba nyekundu, nnyabo! Banange, ile mbaya ile! Mimi naonja, iko ngumu, iko nyeupe, iko kama sabuni. Nasema, wageni wakubwa hivi, mimi nawapa hii? Kesho wanasema kwa Maama Kizza tulikura takataka? Hapana. Natoa ile, naweka matoke ya nyuma ya nyumba yangu, yale matamu kushinda yote, nafunga kamba nyekundu vizuri, hakuna mutu anajua. Ile ya purofesa tulikura sisi wapishi nyuma ya jiko, na chumvi, basi ikaisha." Kisha akanipigapiga bega. "Purofesa ni mutu muzuri. Mimi siwezi kumuaibisha mbele ya watu."

Mama, nilibaki pale na magoti yangu chini. Sikuweza hata kumkasirikia. Ungekuwa wewe ungefanya vile vile, usibishe. Mgeni akifika kwetu umepika ugali ukaharibika, si unamwaga na kusonga mwingine, na ule ulioharibika unaula mwenyewe jikoni? Ndivyo alivyofanya. Alijua kabisa ni siku ya kuonja, tulimweleza. Lakini mgeni ni mgeni, na mkeka ulikuwa umeshatandikwa.

Siku zile nilizunguka kama kuku aliyelowa mvua. Nikisema, ninamuua Profesa karibu na mlango wa kutokea. Na lawama ni yangu, kwa nini nilitoka jikoni? Nikinyamaza, ndizi inapita, na hakuna atakayejua kitu mpaka watu waanze kuila. Nilimweleza Bi Zainabu, mama mwenye duka hapa ninapopanga. Watu wake walitoka pwani zamani sana na biashara, na mpaka leo nyumbani kwao ni Kiswahili na Kur'ani. Alikuwa anapima mchele, hakuacha kupima. Akaniuliza, "Nani atakayeipanda hiyo ndizi?" Nikasema wakulima, wengi wao akina mama. "Watapanda wapi?" Nikasema mahali pa ile ya zamani. Akasema, "Basi mama wa watu atang'oa ndizi yake nzuri, angoje mwaka mzima, apike, watoto wateme. Wewe siku hiyo utakuwa wapi, mwanangu?" Akafunga mfuko wa mchele, akamhudumia mteja mwingine. Nilimchukia Bi Zainabu jioni ile, nakuambia ukweli.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa Profesa. Nilimkuta anacheka peke yake na karatasi. "Kemunto, keti. Nimepata jina. Nataka ndizi hii iitwe kwa jina la mke wangu. Kila mgomba mpya ukizaa, mkungu wa kwanza nampelekea Nnaalongo nyumbani anipikie. Yeye ameonja ndizi zangu kuliko mtu yeyote." Lakini nilijua nikitoka nje ya mlango ule sitarudi tena. Nikamwambia yote, kamba, sufuria, wapishi nyuma ya jiko. Nilisema haraka haraka nikitazama kofia yake mezani.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Maama Kizza yuko nyumbani leo?" Tukaondoka.

Maama Kizza alipoelewa tumekuja kwa ajili gani, alipiga magoti akakataa kuinuka. Alimsihi Profesa kwa Kiganda asimlazimishe kumpikia kitu kibaya. Profesa akamwambia, "Nipikie, nnyabo. Nimekuja kwa hiyo." Alikata mkungu kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kwenye mgomba wake mwenyewe. Nilikaa jikoni na safari hii hakuna aliyenitoa. Kilipoiva, Maama Kizza alifungua majani akageuza uso pembeni.

Profesa alinawa, akala. Alitafuna muda mrefu. Nilikuwa najiandaa kwa hasira, au atasema si mbaya kiasi hicho. Akanigeukia na uso wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Kemunto, hii sijawahi kuila."

Nikamwambia, "Profesa, ndiyo yenyewe. Umekata mwenyewe."

"Najua ni yenyewe. Nasema sijawahi kuila. Miaka yote hii. Kila mkungu nilioupeleka nyumbani, Nnaalongo alinipikia, ikawa laini, ikanukia, nikamshukuru, nikarudi shambani." Maama Kizza naye akaelewa, akafunika mdomo kwa mkono. "Bambi, Ssalongo," akasema taratibu, kwa huruma. "Mama yule anakupenda."

Profesa akala sahani yote, Mama. Aliimaliza tonge kwa tonge, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Mimi nililia waziwazi. Alipokwisha akanawa, akamwambia Maama Kizza "webale kufumba," kama inavyopasa. Kwenye gari ndipo akaniambia, "Barua ya kuiondoa nitaiandika mimi. Usiweke jina la mtu yeyote. Ila nakuomba kitu kimoja. Nnaalongo asijue kwamba nimejua."

Ameiandika. Ndizi imeondolewa kwenye kamati, mahema hayakuja. Profesa yuko shambani kila asubuhi kama kawaida, juu ya ngazi, anasema kuna miche mingine. Lakini anapanda polepole sana siku hizi, na mara nyingine namkuta amesimama katikati ya ngazi hafanyi kitu. Wenzangu ofisini wamenigeuka. Nikiingia chai inaisha ghafla. Mmoja alinisema nikisikia, "Huyu Mkenya angenyamaza angepungukiwa nini?" Mkuu wa kitivo hanijibu salamu. Mkataba wangu unakaribia mwisho na hakuna anayetaja kama utaongezwa. Nikipoteza kazi hii, Mama, nitarudi nyumbani mikono mitupu, bila ndizi na bila mshahara, na sijui nitaanzia wapi. Naogopa. Nimelisema, naogopa.

Kwa hiyo nakuomba, uwaambie akina mama wa kanisa ukweli. Nakujua. Utataka kusema miche imekwama mpakani Busia, au mwanangu ana shughuli. Usinifunike. Waambie ndizi ilionjwa ikaonekana haifai kuliwa. Wakicheka, waache wacheke, ndio wangeitema. Pale ulipofyeka nyuma ya zizi panda viazi.

Msalimie Onchiri kaka yangu, mwambie asimuuze yule ng'ombe kabla hajazaa hata akibembelezwa na mchinjaji. Msalimie dada Nyaboke na tumbo lake, ajifungue salama, na mtoto akiwa wa kike asimpe jina langu mwaka huu, aningoje nitulie. Salamu kwa shangazi Bosibori anayekukanda goti. Na Baba, ukienda kupalilia kaburi lake, mwambie bintiye yuko hai na bado hajajifunza kunyamaza. Barua inaletwa na Ombati, mtoto wa jirani yetu anayeuza viatu Nakivubo. Mpe uji, ana safari ndefu.

Nakukumbatia hapa nilipo, unikumbuke kwenye maombi yako ya alfajiri.

Bintiyo,
Kemunto

Mama, nimefungua bahasha tena. Ombati hajasafiri, basi limeharibika, atapanda la kesho.

Leo mchana Nnaalongo amekuja ofisini, mke wa Profesa. Mumewe alikuwa shambani. Alileta chakula chetu sisi wasaidizi, amekibeba kwenye majani yake, bado kina mvuke. Wenzangu walipotoka kunawa mikono akanivuta kando ya kabati. Ni mama mfupi, ana mikono mikavu kama yako. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ile ndizi ya mzee imeondolewa kwa nini? Yeye haniambii. Siku hizi ananishukuru kwa chakula mpaka naogopa. Kuna mtu alimpikia?"

Nilimtazama machoni, Mama, nikamwambia, "Hapana, mama. Ni fukusi. Tuligundua fukusi wanaishambulia."

Akashusha pumzi, akanishika mkono, akasema "webale," kisha akaanza kunipakulia.

Sherehe ya kitivo kizima nimeivunja kwa sababu sikuweza kubeba uongo wa watu wengine. Huu wangu nimeusema bila hata kumeza mate, na ningeulizwa tena ningeusema tena.

K.